Makopo Kumi na Tisa ya Mchanga

Haya yalitukia mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, wakati wa kiangazi, majani ya uani yalipokuwa yamegeuka rangi ya karatasi kuukuu na mabomba ya mtaa yakitoa maji mara tatu tu kwa juma. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliletewa mjukuu wake wa kike ili akae naye. Wanafunzi wake wa zamani walimwita Bi Nukta, kwa kuwa hapakuwa na sentensi iliyopita mbele ya macho yake bila nukta ikasalimika. Mjukuu alikuwa na umri wa miaka mitano kasoro miezi miwili, mfuko mmoja wa nguo na jozi mbili za viatu. Maneno hakuwa nayo.

Hakuwa bubu. Daktari alikwisha kuthibitisha kwamba masikio yake ni mazima na ulimi wake hauna kasoro. Ila miaka yake ya mwanzo aliishi ghorofani, katika chumba kimoja, pamoja na yaya aliyependa usingizi na televisheni isiyozimwa, mama yake akitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni. Mtoto alijifunza kutazama. Mengine hakujifunza. Baba alikuwa ameoa kwingine, na sasa mama alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika mji wa mbali, mahali ambapo wauguzi walilala wanne wanne katika chumba.

Nyumba ya Bi Nukta ilikuwa na vyumba vinne na saa moja ya ukutani. Tangu mumewe afariki, miaka sita iliyopita, ile saa ndiyo iliyokuwa ikizungumza. Mtoto alipokuja, wakaaji wakawa wawili, lakini msemaji akabaki kuwa saa.

Bi Nukta hakuwa mtu wa kukaa akifuta machozi. Kila siku saa tatu asubuhi alimkalisha mjukuu mezani, akamwekea karatasi na penseli.

"Vidole vitatu," alimwambia. "Kimoja, viwili, vitatu. Usiishike kwa ngumi. Ngumi ni ya kugongea mlango."

Mtoto alishika kwa vidole vitatu. Penseli ikainama kama mtu mwenye kizunguzungu, ikaanguka. Akaiokota, akaishika tena, ikaanguka tena. Hakulia wala hakukasirika. Alimtazama bibi yake kama alivyokuwa akiitazama televisheni, akisubiri kitakachofuata.

Jumapili simu ililia.

"Mama, amesema chochote?" binti yake aliuliza.

"Anakula vizuri."

"Sikuuliza habari za chakula, Mama."

Bi Nukta aliihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Shangazi yake amenipigia tena," binti aliendelea. "Ana watoto watano pale kwake, kelele kutwa. Anasema mtoto hufunzwa ulimi na watoto wenziwe."

"Na mimi niliyefundisha miaka thelathini na minne ni nani? Kabati?"

"Sijasema hivyo, mama yangu. Nitakuja siku shule zitakapofungwa. Nikimkuta vilevile, nitampeleka kwa shangazi yake. Usinikasirikie."

Bi Nukta aliirudisha simu juu ya kitambaa chake cha kufuma, akainyoosha hata ikalingana na ukingo wa meza. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni karibu na kiti cha marehemu babu yake, akiutazama mguu wa kiti. Kabla mtoto huyu hajaja, Bi Nukta alikuwa amekwisha kuuzoea upweke. Sasa alikuwa ameuzoea mlio wa nyayo ndogo kutoka chumbani hadi jikoni, na alijua kwamba mara hii hataweza kujizoesha upya.

Jumatatu akampeleka kumwandikisha katika darasa la awali la shule ileile aliyokuwa mkuu wake. Mwalimu wa darasa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mnene, mwenye mwanya, alisimama alipomwona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Bi Nukta aliutazama ule mwanya. "Kijiko?"

"Ndiye mimi. Ila siku hizi nimenenepa, Mwalimu. Nimekuwa upawa."

Kijiko alichuchumaa mbele ya mtoto, akamnyoshea kidole. "Kibonyeze, mwanangu. Kwa nguvu zako zote. Nivunje!"

Mtoto akabonyeza.

"Ananishika kama anayeshika ua," mwalimu alisema, akiinuka. "Penseli si ya kuanzia, Mwalimu. Kwanza bega, kisha kiwiko, kisha kiganja, ndipo vidole. Mkono wa mtoto hujengeka anapochota, anapochimba na anapomimina. Kichwa nacho hakibaki nyuma: kujaa, kupungua, nusu, zaidi, yote hayo yamo mchangani kabla hayajafika ubaoni. Mpe mchanga."

"Mchanga," Bi Nukta alirudia, kama mtu aliyekabidhiwa dawa ya mgonjwa mwingine.

"Ningempa hapahapa, lakini hatuna." Kijiko alichungulia dirishani.

Chini ya ukuta wa nyuma palikuwa na shimo la mraba lililozungushiwa matofali, limejaa majani makavu na vifuniko vya chupa. Bi Nukta alilitazama, kisha akatazama mkoba wake. Alilijua shimo lile. Yeye ndiye aliyelifanya liwe tupu.

Miaka ishirini na minane iliyopita, wazazi wa darasa la awali walikubaliana kuwafanyia watoto wao uwanja wa mchanga. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, na kila mzazi alileta debe moja begani. Msichana mmoja tu hakuwa na bega la kumbebea; alilelewa na bibi mgonjwa asiyetoka kitandani. Basi msichana yule alishuka mwenyewe bondeni penye mchanga, akachimba kwa kijiko cha kulia, akaujaza katika kopo la maziwa, akaupandisha shuleni. Alikwenda na kurudi mara kumi na tisa, akihesabu kwa sauti kila alipopita langoni, mpaka debe lake likatimia. Ndipo wenzake wakamwita Kijiko.

Watoto waliuchezea mchanga ule muhula mmoja. Kisha zikaja habari za wakaguzi, na sakafu ya ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa imepasuka. Saruji ilipatikana, mchanga haukupatikana. Bi Nukta akasimama mbele ya watoto arobaini na mmoja. "Nimeuazima," aliwaambia. "Muhula ujao mtarudishiwa." Nyuma yake, ubaoni, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Ahadi ni deni.

Wakaguzi waliisifu sakafu. Muhula uliofuata ukapita, na uliofuata huo. Moyoni mwake Bi Nukta alijiambia kwamba mchanga si somo. Ni uchafu wenye jina zuri. Kijiko peke yake ndiye aliyeuliza kila Jumatatu: "Mwalimu, mchanga wetu unarudi lini?" Jumatatu ya tano alipigwa rula ya vidole. Jumatatu ya sita hakuna aliyeuliza.

Siku ile Bi Nukta alitoka shuleni amemshika mjukuu mkono, akashika njia ya nyumbani bila kugeuka nyuma. Hata hivyo maneno ya Kijiko yalifika naye. Jirani alikuwa akijengewa ukuta, na fundi mwashi alikuwa na lundo la mchanga karibu na lango.

"Shikamoo, Bibi. Unapandisha ghorofa?" fundi alimtania aliposikia haja yake.

"Nipakilie karai mbili, na maneno uyabakize."

"Aka, maneno ni nyongeza, Bibi, siyatozi." Fundi alikwenda kwenye lundo la pili. "Chukua huu wa mtoni. Ule pale umekwisha kuchanganywa na saruji, utamla mtoto ngozi."

Bi Nukta aliuchekecha mchanga ule mara tatu. Akauosha, akauanika juu ya turubai siku mbili, akauchekecha tena, mpaka ukawa mwepesi na laini kama unga. Akaumimina katika sanduku la mbao lililokuwa la vitabu, akaliweka uani penye kivuli, akamwita mjukuu na kumpa sheria tatu: gauni likunjwe magotini, mchanga usitoke nje ya sanduku, na maji yasisogezwe karibu.

Mtoto alichota kwa kiganja. Mchanga ukavuja wote vidoleni. Akafanya kilima, kilima kikalala. Akajaza kikombe, akakipindua, akakiinua. Chini yake hapakuwa na umbo lolote ila tandiko la unga. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu alikaa na mikono mapajani, kama mwanafunzi anayesubiri kipindi kiishe. Bi Nukta, akimtazama kutoka mlango wa jikoni, alihesabu majuma yaliyosalia kabla ya shule kufungwa. Yalikuwa manane.

Siku ya nne mtoto alipewa bilauri ya maji ya kunywa. Akanywa nusu. Kisha akasimama, akaisogeza bilauri juu ya sanduku, akamimina.

"We mtoto, nimesema maji ya..."

Sentensi hiyo Bi Nukta hakuimaliza, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alikuwa ameviona vidole. Vilikuwa vikikandamiza, vikizama mpaka kwenye vifundo, vikitoka na bonge, vikiliminya, vikilirudisha. Mabega ya mtoto yalipanda na kushuka. Alikijaza kikombe kwa mchanga ule uliolowa, akaupiga juu kwa kiganja, pa, pa, pa, akakipindua kikombe, akakigonga matakoni, akakiinua polepole.

Nyumba ndogo ya mviringo ikabaki imesimama katikati ya sanduku, kingo zake kali, bila ufa.

"Imesimama," mtoto alisema.

Sauti ilikuwa nzito kidogo, kama bawaba ya mlango wa chumba kisichotumika. Bi Nukta aligeuka haraka kumwita mtu asikie. Nyuma yake palikuwa na jiko, meza, kiti cha marehemu, na saa. Akageuka tena.

"Naam," alisema. "Imesimama."

Kumbe alikuwa ameusafisha mchanga na kuukausha hata ukakosa kazi. Jioni ile aliifuta sheria ya tatu.

Tangu siku hiyo mambo yakashika njia. Asubuhi mtoto alikwenda shuleni; alasiri alichimba mifereji, akatazama maji yanavyokwenda na yanavyokataa kwenda. Aligundua kwamba vikombe vitatu hujaza kopo moja, na kwamba vinne humwagika. Maneno yakawa yanatoka moja moja, kila moja likiwa na kazi yake: jaa, bado, zaidi, limebomoka. Alichora mistari mchangani kwa kidole, kisha kwa kijiti, na siku moja, bila kuambiwa, akaichukua penseli mezani na kuchora mviringo uliokaribia kukutana. Penseli haikuanguka.

Yalikuwa majuma mazuri, ingawa yalikuwa na mlango uliofungwa. Mtoto alisema na mchanga, na mara nyingine na bibi. Jumapili mama yake alipopiga simu, alikiweka kinywa chake karibu na chombo, akapumua, asiseme neno.

"Anasema, nakwambia," Bi Nukta alisisitiza.

"Nataka kusikia mwenyewe, Mama," binti yake alijibu. "Zimebaki Jumapili mbili."

Alasiri moja Kijiko alipita nyumbani. Kabla hajabisha hodi, alisikia sauti uani: "Wewe kaa hapa. Wewe bado, subiri. Nitakuita." Lango lilipolia, sauti ikakatika. Mtoto aliinua macho, akafumba kinywa.

"Kumbe kasuku yuko hapa!" Kijiko alicheka. Kisha akakaa kwenye ngazi, karibu na Bi Nukta, akashusha sauti. "Shuleni hajatoa neno hata moja, Mwalimu. Husimama ukutani, akawatazama wenzake mpaka kengele."

"Hapa anasema."

"Anasema na nani?"

"Na mimi." Bi Nukta alilitazama sanduku. "Na mchanga."

"Mchanga haumpokonyi kopo. Haumwambii ngoja, haumsukumi, haumwombi msamaha. Mkono wake umepona hapa, sikatai, nawe umefanya kazi kubwa. Lakini ulimi huota penye kugombea. Wakiwa kumi katika shimo moja atalazimika kusema lete, hapana, zamu yangu. Akiwa peke yake hiyo ni nusu ya dawa."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Mimi? Sitaki kitu, Mwalimu." Kijiko alijipangusa gauni, akainuka. "Nilikuwa nikitaka zamani. Kila Jumatatu."

Alisema kwa upole, bila uchungu wowote, na upole huo ndio uliomchoma Bi Nukta kuliko matusi.

Alikaa pale ngazini mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwenye sanduku. Maneno ya mtoto huyu yalikuwa machache, na yote yalikuwa yakisemwa ndani ya ua wake. Akiyapeleka yakagawiwe watoto wa darasa zima, yeye atabakiwa na mangapi? Na asipoyapeleka, mama atakuja, atamkuta mtoto kimya, na shangazi atampata. Hesabu haikuwa ngumu. Alichokosa ni moyo wa kuandika jibu.

"Bibi," mtoto aliita. "Maji yameisha."

"Nakuja."

Kesho yake Bi Nukta alifungua kasha chini ya kitanda, akatoa daftari la mahudhurio la mwaka ule wa mchanga. Hakuwahi kutupa daftari hata moja. Akapitisha kidole juu ya majina, polepole, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Kisha akapiga moyo konde, akamwendea fundi.

"Nataka madebe arobaini ya mchanga wa mtoni, yapelekwe shuleni kwa mkokoteni."

Fundi aliuweka mwiko chini. "Sasa hii ndiyo ghorofa, Bibi!"

"Si ghorofa. Ni deni."

"La nani?"

"La watu arobaini na mmoja."

"Arobaini na mmoja, madebe arobaini? Mmoja umemdhulumu, Bibi."

"Huyo," alisema Bi Nukta, "nitambebea mwenyewe."

Shimo likasafishwa, likajazwa Jumatatu ya juma la mwisho wa muhula, na Bi Nukta mwenyewe ndiye aliyeamuru mchanga umwagiwe maji. Watoto waliingia kwa kelele. Mjukuu wake alisimama ukutani Jumatatu nzima. Jumanne akakaa ukingoni juu ya tofali, miguu ndani. Jumatano alikuwa amepindua kopo na kusimamisha nyumba ya tatu, pale msichana mmoja mwenye nywele za kusuka aliponyosha mkono na kulichukua lile kopo.

"Lete!" Sauti ilipanda juu ya zote. "Lete! Ni zamu yangu!"

"Zamu yako imekwisha!"

"Haijaisha! Nimejenga tatu, bado moja!"

Mwenye nywele za kusuka alifikiri. "Haya, moja. Halafu mimi."

"Halafu wewe."

Kijiko aliweka kiganja kinywani. Bi Nukta alikuwa nje ya uzio, ameshika mwavuli wake wa jua kwa mikono miwili. Alingoja mjukuu ageuke, aone kama bibi amesikia. Mtoto hakugeuka, alikuwa na shughuli.

Ijumaa binti yake alifika, na vumbi la safari likiwa viatuni, akasimama palepale penye uzio.

"Ni huyo anayegombana?"

"Ndiye."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

Muuguzi yule, aliyezoea kuona mengi bila kulia, alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi abaki kwako, Mama. Shangazi yake nitamweleza. Ila likizo hii nampeleka kwangu majuma matatu, wenzangu wa chumbani wamekubali, nami nimsikie."

"Mwanao," Bi Nukta alisema. "Mchukue."

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Mtoto alipunga mkono hadi kona, akizungumza na mama yake wakati wote, maneno ambayo kutoka langoni hayakusikika. Bi Nukta alirudi ndani. Saa ilikuwa ikisema yale yale. Aliandaa sahani mbili, akarudisha moja kabatini.

Jumatatu, baada ya kifungua kinywa, alitoka uani na kopo la maziwa. Akachota katika sanduku la mjukuu, akalijaza hadi ukingoni, akalikumbatia kifuani. Toka nyumbani hadi shuleni ni mwendo wa robo saa kwa miguu yake. Lango lilikuwa wazi na uwanja hauna mtu. Akamimina shimoni. Akarudi.

Kijiko alikaa katika nyumba za walimu, upande wa pili wa uwanja. Safari ya pili alimwona kutoka dirishani, akadhani bibi ameangusha kitu. Safari ya nne akatoka mlangoni.

"Mwalimu, unafanya nini? Jua hili! Mwite fundi akusaidie."

"Wewe ulisaidiwa na nani?" Bi Nukta alimjibu, akapita.

Alikwenda mara sita siku ile, mara saba siku ya pili. Siku ya tatu magoti yalimuuma, naye akapumzika mara mbili kivulini, kopo mapajani, bila kumwomba mtu. Kila aliporudi nyumbani sanduku lilikuwa limepungua, na kuta zake za mbao zikawa zinaonekana. Mwishowe alikwangua pembe kwa kijiko cha kulia ili kopo la mwisho lijae.

Kijiko alikuwa amesimama penye ukingo wa matofali. Alikuwa amekwisha kuelewa tangu jana.

Bi Nukta alifika akihema. Safari hii hakumimina.

"Kumi na tisa," alisema kwa sauti, kama mtu anayepita langoni. "Uliniuliza mchanga wenu unarudi lini. Sikukujibu, nikakupiga. Umerudi leo, mwanangu. Unisamehe kwa kuchelewa."

Akalinyosha kopo. Kijiko alilipokea kwa mikono yote miwili, kwa vidole vilevile, akapiga magoti ukingoni, akalimimina taratibu mpaka likabaki tupu.